Yaya ananipa dola 150, roho inakataa: nikubali ao niache?

Jambo Tantine,

Niko mama wa batoto bane, nashona nguo hapa Goma, kartiye Katoyi. Niko na atelye ndogo ya mbao mbele ya nyumba, mashini mbili na mabinti wawili bananisaidiaka. Sijawai kuandika barua kama hii lakini hii mambo inaninyima usingizi na batu ba nyumbani bameanza kuniona kama mutu wa kichwa nguvu.

Iko hivi. Niko na yaya, mtoto wa mama mukubwa, mama yangu na mama yake ni tumbo moja. Yaya ana akili ya biashara, anajua batu, anaingiaka mu ma ofisi bila woga. Alipata soko ya shirika moja, inifomu 240 za batoto ba shule, kila moja shati na sketi ao shati na kaptula. Tukaenda pamoja Birere kununua kitambaa, yeye njo alilipa, akaleta kwangu akasema shona, tutasikilizana. Mimi nikaanza kukata. Mutu ni yaya yako, utaanza kumuuliza bei kama unaongea na klienti?

Tumeshona mpaka usiku na taa ya telefone, tukapiga pasi ya makala, tukazipanga mu magunia kufuata saizi. Sasa siku moja yaya ananituma nitafute lisiti ya saizi mu sakoshi yake, naikuta pamoja na karatasi ya komande. Inifomu 240, moja dola 9, yote 2160. Kitambaa najua ilikuwa 1100 juu nilikuwepo. Vifungo, zipu na transporti 90. Kwa hiyo inabaki 970.

Yaya akakuja kunilipa. Akatoa noti ya mia na ya makumi tano, akaziweka juu ya mashini, akaweka makasi juu yake upepo isizibebe. Akasema hii ni yako, siku ya tano ntatuma pikipiki ikuje kubeba magunia. Nikamuambia yaya hii ni kidogo. Akasema soko ni yangu, kama hutaki uache, bashonaji ni bengi mu Goma. Mimi nikainua makasi, nikamurudishia noti zake mu mukono. Akaenda bila kuaga.

Kutoka mu ile 150 niko na mabinti ba kulipa, kila mmoja 40, na uzi ya 25 nilinunua mimi mwenyewe. Kawaida klienti akileta kitambaa yake ninamushoneaka inifomu kwa dola 3, kwa nyingi hivi nilikuwa nawaza hata 2.

Magunia yako hapa kwangu. Zisipofika siku ya tano shirika litakataa, yaya atapoteza yote na mimi sitapata hata franga. Bwana yangu anasema hasira hasara, 150 ni 150, minervale, pesa ya shule ya batoto, inangoja. Mama anasema niko nasahau kama yaya njo alininunuliaka mashini ya kwanza na pesa yake wakati sikuwa na kitu, na ni kweli. Tena yaya alisema kuko komande ingine mu mwezi wa kwanza. Kichwa yangu inasema chukua. Roho inasema hapana, na kila mara ikisema hapana nasikia vizuri, kama mutu ametoka kuoga. Tantine, hii roho inajua kitu ao iko inanipoteza?

Mushonaji wa Katoyi

*

Tantine anajibu

Mwanangu, aksanti kwa kuniamini. Nilishika kaye nikarudilia hesabu yako na iko sawa, 150 mu 970 ni kama 15 kwa mia, na ukishalipa mabinti na uzi unabaki na dola 45 kwa inifomu 240. Kwa hiyo sitakuambia kama hasira yako haina sababu. Iko nayo. Lakini barua yako iko na mambo matatu ndani yake umeyafunga mu gunia moja: pesa, heshima, na deni ya zamani ya mashini. Wacha tuyatoe moja moja.

Kwanza hii ya roho. Iko mchezo batu ba uchumi banaupendaka sana na wewe uko ndani yake bila kujua. Mu 1982, kule Köln, Ujerumani, Werner Güth na benzake balichukua batu babili babili basiojuana. Mmoja anapewa pesa, anaambiwa agawe vile anataka. Mwenzake yeye iko na neno moja tu ya kusema, nakubali ao nakataa. Akikubali, kila mutu anabeba fungu yake. Akikataa, bote babili banatoka mikono mitupu. Kwa hesabu kavu ya bwana yako, huyu wa pili angekubali hata franga mia, juu mia inapita bure. Lakini batu habafanyi vile. Huu mchezo umerudiliwa mu inchi mingi sana tangu pale, na mara mingi mwenye kugawa anatoa yeye mwenyewe 40 ao 50 kwa mia, na fungu ikishuka chini ya 20 kwa mia, karibu nusu ya batu banaikataa, banapendelea bote bakose. Hata mu Indonesia, pesa ya mchezo ikipandishwa ikafikia matumizi ya mutu ya miezi mitatu hivi, bagawaji habakuanza kupunguza fungu ya benzao. Kwa hiyo mwanangu, kama uko kichwa nguvu, tuko bengi.

Tena mu 2003 kule Marekani baliangalia bongo za batu kwa mashini wakati banapewa fungu ndogo hivi. Sehemu yenye iliwaka ni ile inawakaka mutu akisikia kichefuchefu ao maumivu. Na kitu kimoja kilinishika hapo: batu balikataa zaidi fungu mbaya ikitoka kwa mutu kuliko ikitoka kwa kompyuta. Pesa ni ileile, mkono wenye kuitoa njo unabadilisha. Wewe leo ukiokota dola 150 njiani ya Ndosho si utafurahi? Ile iliyokuuma iliwekwa chini ya makasi yako na mutu unamuita yaya, ikafuatana na neno bashonaji ni bengi. Mimi nikisoma barua yako naona hilo neno limekuchoma kupita ile 150. Naweza kukosea. Lakini jiulize, kama yaya angesema mudogo wangu nisamehe, mu hii soko sikupata kitu, chukua hii, ungeinua makasi kwa nguvu ile ile?

Sasa nakuja pahali pagumu kidogo, univumilie. Roho yako inajua kama kuko kitu haiko sawa. Mimi naiamini kwa hiyo. Lakini roho haijui ni ngapi. Haina kaye. Inasema hapana kwa 150, na ukiiuliza basi ndiyo ni ngapi, inanyamaza. Wewe mwenyewe mu barua umeandika mara mbili hesabu mbili zisizofanana na sijue kama uliona. Pa moja unahesabu 970 kama faida ya kugawa, kama beko bashirika babili. Pa pili unahesabu dola 2 kwa inifomu, kama mushonaji na klienti yake. Hizi si kitu kimoja. Mushirika anagawa faida lakini anagawa na hasara, kama shirika lingekataa nguo ao lingechelewa kulipa mpaka Pasaka, ungemurudishia yaya nusu ya ile 1100 ya kitambaa? Mushonaji yeye hana shida na faida ya mwenye soko, awe amepata 2000 ao amepata zero, kazi imefanyika, 240 mara 2 ni 480. Kumbe 480 ni karibu nusu ya 970, njia mbili zimefika karibu pahali pamoja, lakini usikimbilie kufurahi, juu ile dola 2 ni wewe uliiwaza peke yako, na yaya hakuisikia.

Na yaya yeye anahesabu vipi? Sijue, na wewe hujue. Anaweza kuwa anahesabu safari za ofisini, kuungojea ule mlango, pesa ya kitambaa yenye alikopa na riba yake, na labda mutu fulani wa kushukuru ndani ya lile shirika, unajua vile mambo yanaendaka hapa kwetu. Karatasi uliyoiona inasema pesa gani itaingia, haisemi gani itabaki. Inaweza pia kuwa hakuna yote hayo na anakula tu. Iko utafiti mmoja wa Babcock na Loewenstein mule Marekani, balipatia banafunzi faili ya kesi, mutu amegongwa na motokari akiwa kwenye pikipiki, basome, baseme haki ni ngapi, alafu babishane mpaka basikilizane. Bale balioambiwa mapema ni upande gani banasimamia, kila mmoja aliona haki inaelekea kwake, na kesi 28 kwa mia zilikosa maelewano. Bale baliosoma kwanza alafu ndio bakapewa upande, ni 6 tu kwa mia. Faili ni moja. Habakuwa baongo, baliona hivyo kabisa. Basi wewe ulisoma karatasi ya komande ukiwa tayari mushonaji, yaya aliisoma akiwa tayari mwenye soko.

Wale batafiti balijaribu na dawa: balimuambia mutu aandike udhaifu wa upande wake mwenyewe mbele ya kubishana, na maelewano yaliongezeka. Ningekuomba ufanye hiyo usiku huu, ukurasa mmoja, bila kumuonyesha mutu. Na mu ile ukurasa uandike na mabinti babili. Umesema utabalipa 40 kila mmoja kutoka mu 150. Yaya akiongeza mpaka 480, mabinti batapata ngapi? Bado 40? Siulizi kwa kukusuta, mwanangu. Nauliza juu balipiga pasi na balishona usiku kama wewe, na bao pia habakuuliza bei, juu wewe ni mama yao wa kazi. Unaweza kuwa na jibu nzuri, mashini ni zako, atelye ni yako, klienti ni bako. Angalia tu kama hiyo jibu haifanani na ile ya yaya.

Alafu ile mashini ya kwanza. Mama yako amegusa kidonda hapo na naona haukuandika mingi juu yake, sentensi moja tu, "na ni kweli", ukapita. Kuko batu mule Papua New Guinea, Au na Gnau, balipocheza ule mchezo wa kugawa, benzao bakabatolea zaidi ya nusu, balikataa mara mingi. Bakakataa zawadi! Kwao zawadi kubwa ni kamba, ukiipokea umefungwa na mutu ataikumbusha siku asiyokuambia. Nafikiri sisi ba Kivu hatuhitaji muprofesa atufasirie. Inawezekana yaya kichwani mwake 150 haiko malipo kabisa, ni kuongeza juu ya kitu alishakupa zamani. Na inawezekana wewe ulishona hizi inifomu bila kuuliza bei juu ndani ndani ulikuwa unalipa ile mashini. Kama ni vile, basi hii deni haina kiasi na haina mwisho, kila komande inaweza kuliwa nayo. Ile mashini ilikuwa zawadi ao mkopo? Kama ilikuwa mkopo, bei yake inajulikana na inaweza kuisha.

Tuongee sasa kuhusu siku ya tano, muda haungoji.

Ukichukua 150 ukanyamaza, minervale inalipwa, mama anafurahi, komande ya mwezi wa kwanza inakuja. Na itakuja kwa bei ileile, juu sasa bei yako inajulikana. Nakuonya pia kuhusu hasira iliyomezwa, mi nimeona ndugu babili bakakosa kuzikana juu ya pesa ndogo kuliko hii.

Ukishikilia magunia, naelewa utamu wake, ni nguvu peke yake uliyonayo na yaya anajua. Lakini huu si mchezo wa batu babili tu, kuko batoto 240 pale hakuna aliyebauliza kitu. Na kitambaa ni cha yaya, alikilipa, anaweza kukuja na polisi ao na chefu wa kartiye, na stori itakayozunguka haitasema 15 kwa mia, itasema huyu mama anafungiaka nguo za batu. Mushonaji anaishi kwa jina. Lakini pia si uongo kusema bila ile nguvu ya kukataa, mutu mudogo hana kitu mezani. Mu ule mchezo, mwenye kugawa anatoa 40 juu anajua mwenzake anaweza kukataa. Ukimuondolea mwenzake haki ya kukataa, mafungu yanashuka. Kwa hiyo ile hapana uliyosema siku ile pengine imeshafanya kazi yake, yaya sasa anajua. Swali ni kama unahitaji kuirudilia.

Kuko njia ya katikati, kuachia magunia siku ya tano na kukataa ile 150 kwa sasa, unamuambia yaya nguo hizi hapa, pesa bado tutaongea. Batoto banavaa, jina lako linabaki safi. Lakini ni njia ya mutu anayeweza kungoja na mfuko wako nauona, na kuko ba yaya wenye ukiwaachia hivi, njo basi, imeisha. Wewe njo unamujua wako.

Unajua kitu gani hakiko mu ile mchezo ya Köln? Kuongea. Mule ndani mutu wa pili hana mdomo, ana ndiyo na hapana tu, hajue mwenzake ni nani, hatamuona tena, hawatakutana kwa matanga ya mama mukubwa. Yaya alikuweka mu ule mchezo aliposema kama hutaki uache, na wewe ukaingia ukacheza ulipomurudishia noti bila kutaja bei yako. Mu barua nzima sikuona pahali umemuambia yaya neno "mia nne makumi munane". Ulisema ni kidogo. Kidogo kuliko nini? Unaweza kwenda kwake na kaye, uandike vitu vyako, siku za mabinti, uzi, makala, bei ya kushona moja, umuulize na yeye aandike vyake. Ukiogopa mtagombana, mama mukubwa yupo, ao mutu mukubwa mwingine wa familia mwenye habebi upande. Hatari iko: yaya anaweza kuuliza ulijuaje kuhusu 2160, na uwe na jibu mbele ya kufika, juu akisikia ulisoma makaratasi yake mazungumzo yote yanaweza kugeuka kuwa hiyo. Ukianzia ku bei ya kushona, dola 2 kwa moja, hauhitaji hata kuitaja ile karatasi.

Kuhusu lini uamue. Mu 2011 Grimm na Mengel balionyesha kama batu bakipewa fungu ndogo na kulazimishwa kujibu palepale, chini ya 20 kwa mia banakubali, lakini bakingojeshwa dakika 10 hivi, banaokubali banapanda mpaka 60 na hata 80. Bwana yako angefurahi kusikia hiyo, angesema si unaona, hasira ikipoa akili inarudi. Mimi sijui kama ni akili inarudi ao ni mutu anachoka. Inaweza kuwa yote mbili. Wewe umeshapita dakika 10 zamani sana na roho bado inasema hapana, na hiyo pia ni habari. Lakini angalia ni saa gani inasema: ukiwa unahesabu, ao ukiwa unakumbuka makasi juu ya noti?

Hata vile mutachagua, hii komande ya mwezi wa kwanza haijakatwa bado. Hapo hakuna aliyepewa kitu, hakuna aliyekataliwa, na yaya anakuhitaji juu bashonaji ni bengi lakini bale ba kushona 240 kwa wakati na kuzipanga kufuata saizi si bengi vile anavyosema. Bei ya hiyo unaweza kumuuliza leo kwa telefone, hata mbele ya kumaliza hii ya sasa, na vile atajibu utajua mingi kuhusu hii ya sasa.

Utuandikie siku ya tano ikipita, vyovyote ilivyoenda. Na usalimie mabinti.

Tantine